CHUNGU KILICHOSAHAULIWA JIKONI
Habari za ukoo wa Lee na sosi ya chaza

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Leo naomba tuweke jembe chini kidogo, tusafiri mbali, mpaka kusini ya nchi ya China, tukasikilize habari za ukoo mmoja uliotajirika kwa kutengeneza mchuzi wa chupa. Utaniuliza, mchuzi wa Wachina unamhusu nini mkulima wa mahindi na kahawa? Swali zuri. Kabla sijalijibu, niruhusuni nianzie nyumbani.

Kijijini kwetu ipo mashine moja ya kukoboa na kusaga mahindi. Aliinunua baba yangu mdogo kwa fedha za kahawa, akaijengea banda la matofali, ikasaga miaka mingi. Mzee alipofariki hakuacha neno lolote, wala la maandishi wala la mdomo. Mtoto wa kwanza akasema mashine ni yake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Wa pili akasema ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha na kuitia mafuta. Mkubwa akaja na kufuli, akafunga mlango. Mdogo naye akaja na kufuli lake, akafunga juu ya lile la kaka yake. Mpaka leo, ukienda, utaziona kufuli mbili zimeota kutu kwenye mlango mmoja, na mama zetu wanapita pale na debe la mahindi kichwani, wanakwenda kusaga kijiji cha jirani.

Sasa basi, ukoo ninaotaka kuwaelezeni nao ulifika mahali pa kufuli mbili. Tena ulifika hapo mara mbili. Sikilizeni ulivyoponea.

Kibanda cha Nanshui

Ukitazama ramani ya China, upande wa kusini utaona jimbo liitwalo Guangdong. Katika jimbo hilo mto mkubwa uitwao Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu, unaingia baharini. Mahali mto unapokutana na bahari maji huwa si ya chumvi kali wala si matamu. Ni ya kati na kati, na maji ya namna hiyo ndiyo anayoyapenda chaza. Wenzetu wa pwani wanamjua sana mdudu huyu mwenye magamba mawili, anayeganda kwenye miamba na kwenye mizizi ya mikoko. Kwa wale wa bara ambao hawajamwona, fikirini konokono ambaye badala ya kuwa na nyumba ya mzunguko ana nyumba ya vifuniko viwili vigumu, na ndani yake mna nyama laini.

Watu wa Guangdong hawamwokoti chaza tu, wanamfuga. Tangu zamani waliweka mawe katika maji ya kina kifupi, na baadaye nguzo za saruji na vichanja vinavyoelea, ili watoto wa chaza wapate pa kushika. Kisha wanangoja. Chaza huchukua miaka miwili, mitatu, hata zaidi, mpaka afae kuvunwa. Kwa hiyo hao nao ni wakulima kama sisi, ila shamba lao liko majini. Wakishavuna, wengi huwachemsha chaza na kuwaanika juani wakauke, maana mbichi hakai. Na maji yale ya kuchemshia? Hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Mwaka 1888, katika kijiji cha Nanshui kilicho upande wa Zhuhai, palikuwa na mtu mmoja jina lake Lee Kum Sheung, mwenyeji wa wilaya ya Xinhui katika jimbo hilo hilo. Alikuwa na kibanda cha kuuza chakula, kama hivi vya mama lishe wetu, na chaza wa kupikwa ndio waliokuwa chakula chake kikubwa. Ukoo wake unasimulia kwamba siku moja alibandika chungu cha chaza motoni, akashikwa na shughuli, akakisahau. Alishtushwa na harufu kali nzuri iliyojaa kibandani. Alipofunua kifuniko, akakuta maji yote yamekauka, na chini ya chungu umebaki mchuzi mzito wa rangi ya kahawia. Akaonja. Ukawa mtamu kuliko supu yoyote aliyopata kupika.

Ndugu wakulima, mimi sikuwapo, na habari za namna hii hupambwa kila zinaposimuliwa tena. Lakini jambo moja ni la hakika: mtu huyu alianza kuuza ule mchuzi wenyewe. Duka lake akaliita Lee Kum Kee. Lee ni jina la ukoo, Kum ni sehemu ya jina lake mwenyewe, na Kee ni neno ambalo watu wa huko hulitia mwishoni mwa jina la duka, kama vile sisi tunavyosema duka la fulani.

Hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la mkulima. Chaza walikuwapo tangu zamani. Wafugaji walikuwapo, na maji ya kuchemshia chaza kila mtu alikuwa nayo. Yeye aliyachemsha zaidi mpaka yakawa mazito, akayatia katika chombo, akayauza kwa jina lake. Chaza mbichi huoza upesi, lakini mchuzi uliopikwa mpaka ukawa mzito, wenye chumvi, hukaa muda mrefu na husafiri. Mnunuzi wa chaza mbichi anajua kwamba wewe huna pa kuwaweka, kwa hiyo bei anapanga yeye. Mwenye kitu kinachokaa anaweza kumwambia mnunuzi, ahsante, rudi kesho. Wale mliowahi kuuza nyanya saa kumi na moja jioni mnanielewa vizuri.

Moto wa mwaka 1902

Mambo hayakunyooka. Mwaka 1902, baada ya miaka kumi na minne ya kazi, moto uliteketeza majengo ya Lee Kum Sheung huko Nanshui. Hakukata tamaa. Aliihamisha familia yake, wakavuka kwenda Macau, mji ulio karibu, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Wareno. Huko akaanza upya. Vitu alivyouza vilikuwa viwili tu: sosi ya chaza, na uduvi uliosagwa na kutiwa chumvi. Kwa miongo mingi ukoo ule haukuwa na kitu cha tatu cha kuuza. Walishika mambo mawili, wakayajua barabara.

Na wanunuzi walikuwa nani? Siku hizo watu wengi wa Guangdong walikuwa wamesafiri ng'ambo kutafuta riziki, wengine kusini-mashariki ya Asia, wengine Marekani na Kanada, kujenga reli, kufua nguo na kufungua mikahawa. Mtu aliye ugenini hutamani sana chakula cha kwao. Sosi ile ikapandishwa melini, ikawafuata huko. Lakini haikuwa ya kila mtu. Chaza wengi huhitajika ili kupata sosi kidogo, na bei ilikuwa kubwa. Ilikuwa kitu cha wenye nacho, cha siku ya sikukuu.

Lee Kum Sheung alifariki katika miaka ya 1920. Alikuwa na wana watatu, na mmoja wao aliitwa Lee Shiu Nan. Wana hao waliendelea na kazi ya baba yao, na mwaka 1932 wakahamisha makao makuu ya biashara kutoka Macau kwenda Hong Kong, mji wenye bandari kubwa, uliokuwa chini ya Waingereza. Walijua kwamba mahali penye meli nyingi ndipo penye soko.

Kufuli ya kwanza

Sasa, ndugu zangu, tegeni masikio hapa.

Mzee mmoja alianzisha biashara. Alipokufa, biashara ikawa ya wana watatu. Wana watatu wakazaa, na watoto wao wakakua na wakaanza kuwa na mawazo yao. Katika kila ukoo mambo huwa hivyo. Shamba la ekari tisa la babu, kwa wana watatu ni ekari tatu tatu. Kwa wajukuu tisa ni ekari moja moja. Kampuni nayo ni shamba, tofauti ni kwamba mipaka yake haionekani kwa macho. Mipaka yake ni hisa, yaani mafungu ya umiliki.

Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu hawakuwa wakisikilizana tena. Upande wa Lee Shiu Nan na mwanawe Lee Man Tat, aliyezaliwa Macau mwaka 1929, walitaka biashara ipanuke, sosi itengenezwe ya bei nafuu, watu wa kawaida nao wanunue. Upande mwingine uliona heri kubaki na sosi ya ghali na wateja wachache wenye fedha. Kila upande ulikuwa na hoja. Anayeuza kidogo kwa bei kubwa hajichoshi, na jina lake halichafuki. Anayeuza kwa wengi hapati sana kwa chupa moja, lakini siku mteja mmoja akikosekana hafi njaa.

Waliposhindwa kukubaliana, njia iliyobaki ilikuwa mmoja kumnunua mwenziwe. Lee Shiu Nan na mwanawe walinunua hisa za upande ule mwingine, na mwaka 1972 Lee Man Tat akawa mwenyekiti.

Mwaka huo huo ulikuwa na jambo kubwa duniani. Mwezi wa Februari 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani alifanya ziara China, nchi ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa haisemezani na serikali yake. China ikawapa Wamarekani zawadi ya wanyama wawili, wale dubu wenye mabaka meusi na meupe waitwao panda. Walipofika Washington mwezi wa Aprili, watu walisongamana kwenda kuwatazama. Lee Man Tat akaona mlango umefunguka. Sosi yake mpya ya bei nafuu akaiita Panda, na picha ya panda ikabandikwa kwenye chupa. Hakulipa mtu yeyote kumfundishia Wamarekani panda ni nini. Magazeti yalikuwa yamekwisha kufanya kazi hiyo.

Kwa sosi hiyo ya bei nafuu mikahawa midogo na akina mama wa kawaida nao wakawa wanunuzi. Kitu cha sikukuu kikawa kitu cha kila siku. Mwaka 1983 kampuni ikaweka tawi lake Los Angeles, Marekani.

Neno moja juu ya kilichomo chupani

Hapa lazima niseme kweli, maana kipindi hiki hakiuzi sosi ya mtu. Sosi nyingi za chaza zinazouzwa siku hizi madukani, za makampuni mbalimbali, hazitokani na chaza peke yake. Ndani yake kuna maji, sukari, chumvi, wanga wa kuufanya mchuzi uwe mzito, na dondoo ya chaza ya kuleta ladha. Ndiyo njia ya kushusha bei. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, utayaona yote.

Sosi nyingine ya Wachina, na ya zamani zaidi, ni ya soya. Lee Kum Kee nao waliiongeza katika bidhaa zao. Kwa kuwa wengi wenu mnalima soya, nitawaeleza kwa kifupi inavyotengenezwa. Soya huoshwa, huloweka, hupikwa kwa mvuke mpaka ilainike. Huchanganywa na ngano, halafu hutiwa mbegu maalumu ya ukungu ambao hauna madhara. Baada ya siku chache ukungu ukishaenea, vyote hutiwa katika maji ya chumvi nyingi, vikaachwa miezi kadhaa vichachuke. Kwa njia ya zamani ya Guangdong, magudulia makubwa huwekwa uani yapigwe na jua. Mwishoni hukamuliwa, na maji meusi yanayotoka ndiyo sosi.

Lakini nawaonya: msije mkachukua soya iliyoota ukungu ghalani mkadhani ni neema. Ukungu wa kutengenezea sosi ni mbegu iliyochaguliwa na kutunzwa, kama vile unavyochagua mbegu ya mahindi. Ukungu unaojiotea kwenye mahindi na karanga zilizolowa unaweza kuwa na sumu ya kuua. Hiyo ndiyo sumukuvu tunayoipigia kelele kila mwaka.

Kufuli ya pili

Turudi kwa ukoo wetu. Lee Man Tat alikuwa na mdogo wake waliyeshirikiana naye katika kampuni. Mngedhani kwamba yaliyotokea mwaka 1972 yangewafundisha. Wapi! Katikati ya miaka ya 1980 kaka na mdogo waligombana wao kwa wao, wakapelekana mahakamani. Mwishowe ikawa yale yale: kaka alinunua hisa za mdogo wake, kwa fedha nyingi, wakati ambapo kampuni yenyewe ilihitaji fedha hizo kujijenga. Mdogo akatoka.

Hebu fikirini. Moto wa 1902 uliunguza majengo, na majengo yakajengwa tena. Lakini ugomvi wa ndugu ulikula fedha, ukala miaka, na ulikula udugu, ambao haujengeki kwa matofali. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ukoo wa Lee haukupatana upesi. Walivuna pamoja na hasara yake.

Hata hivyo kampuni ilisimama. Mwaka 1988, walipotimiza miaka mia moja, walifungua makao makuu mapya huko Tai Po, Hong Kong. Mwaka 1996 wakafungua kiwanda kikubwa katika wilaya ya Xinhui, ndiko alikozaliwa yule mzee wa chungu. Ukoo ulikuwa umezunguka kutoka Xinhui mpaka Nanshui, Macau, Hong Kong na Marekani, ukarudi nyumbani na kazi kwa wanakijiji.

Daftari la ukoo

Lee Man Tat alikuwa na watoto watano, wanaume wanne na mwanamke mmoja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kama ndugu watatu waligombana, na ndugu wawili nao wakagombana, watano itakuwaje? Na wajukuu je?

Basi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niwaletee habari hii. Waliketi, wazee na vijana, wakaandika katiba ya ukoo. Wakaunda na baraza la ukoo, likutane kila baada ya miezi mitatu, kwa siku kadhaa mfululizo. Katika baraza hilo hawahesabu chupa. Mambo ya biashara yana bodi yake. Barazani wanazungumza mambo ya nyumba: nani ana kinyongo na nani, watoto wanasomeshwaje, nani anataka kuingia kazini na nani hataki.

Yapo mambo yaliyoandikwa humo ambayo yafaa tuyasikie.

La kwanza: wenye haki ya kurithi hisa ni watoto wa damu, na mtoto wa kike ana haki kama wa kiume. Nimeona wazee wengine huko wanakohoa. Kohoeni tu, nimewaeleza yalivyoandikwa.

La pili: wake na waume walioolewa au kuoa katika ukoo hawaajiriwi katika kampuni. Wanaheshimiwa na wana nafasi yao katika mikutano ya familia, lakini shughuli za kazi hawaziingilii, ili maneno ya chumbani yasiwe amri ya kiwandani.

La tatu: kijana wa ukoo akitaka kazi katika kampuni, lazima kwanza aende akafanye kazi kwa watu wengine, miaka mitatu mpaka mitano. Akirudi anaomba kazi kama waombavyo wengine, na anaanzia chini. Akishindwa kazi, anaondolewa kama yeyote. Jina la babu halimpi kiti.

Na la nne, waliandika habari za ndoa. Mwenye kuivunja ndoa yake au kutoka nje ya ndoa hukosa nafasi yake ya uongozi. Wengine wataona hilo ni kali mno, na mimi sitabishana nao. Walifikiri kwamba nyumba moja ikitikisika, na kampuni hutikisika.

Je, katiba hiyo ilizaa matunda? Mwaka 2017 ukoo ule ulinunua jengo refu la maofisi katika mji wa London, Uingereza, namba 20 ya Fenchurch Street, kwa pauni milioni 1,280 hivi. Watu wa London wanalitania jengo hilo kwa kuliita Walkie Talkie, kwa sababu umbo lake linafanana na redio ya mkononi ya polisi. Sosi zao zinauzwa katika nchi zaidi ya 100. Lee Man Tat mwenyewe alifariki mwezi wa Julai 2021, akiwa na miaka 91, na kampuni ikabaki mikononi mwa watoto wake, kizazi cha nne, huku kizazi cha tano kikiwa kimekwisha kukua. Alipozikwa, hakuna aliyekimbilia mlangoni na kufuli mkononi.

Sisi je?

Ndugu wakulima, sisemi kwamba ukichemsha chungu chako leo, mjukuu wako atanunua ghorofa London. Hao ni watu waliofanya kazi miaka zaidi ya 130, walikuwa na bandari karibu, na walikuwa na jamaa zao ng'ambo wa kuwauzia. Wapo wengine wengi waliopika sosi huko huko Guangdong na majina yao hayajulikani leo. Utajiri wao sijauleta ili tuutamani.

Nilichotaka mwone ni hiki. Watu wengi wakisimulia habari za Lee Kum Kee husimulia chungu kilichosahauliwa, kwa sababu inapendeza. Lakini chungu kilileta biashara tu. Biashara hiyo ingeweza kufa mwaka 1972, na ingeweza kufa tena katika miaka ya 1980, na sababu isingekuwa mchuzi mbaya wala wateja kupungua. Ingekufa kwa sababu wenye mali hawakukaa kitako mapema, wakati wote wangali wanasalimiana, waseme nani ana haki gani na kazi gani. Walipokuja kuyasema, walikuwa wamekwisha kulipa karo mara mbili.

Sisi tunangoja nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunalinukuu neno hilo kwenye vyama vya ushirika, lakini nyumbani tunaona haya. Mzee akiitisha watoto azungumze juu ya shamba, watu wanasema anajichulia kifo. Akinyamaza, siku ya arobaini mapanga yanatolewa. Ipi ni aibu kubwa zaidi?

Huhitaji wakili wa Hong Kong. Nunua daftari la shule. Andika shamba liko wapi na mipaka yake ni ipi, miti ya kahawa ni mingapi, ng'ombe ni wangapi, nani anadaiwa na nani anatudai. Andika nani anafanya kazi gani, na mapato yanagawanywaje. Waite watoto wote, wa kike na wa kiume, na yule aliye mjini mngojee arudi. Yale yahusuyo urithi yaandikwe wosia kama sheria ya nchi inavyotaka, mbele ya mashahidi, na kama hujui sheria, muulize mtendaji wa kijiji akuelekeze. Na yale ambayo hayafai kugawanywa, kama mashine, kisima au mtambo wa kukamulia alizeti, elewaneni kwamba hayagawanywi. Yanabaki mamoja, ila mapato ndiyo yanayogawanywa. Ukiikata mashine vipande viwili hakuna hata kimoja kitakachosaga.

Mimi nami najisema. Wakati baba yangu mdogo alipokuwa mzima, niliwahi kumwuliza habari za mbegu, habari za mbolea, hata habari za spea za mashine ile. Habari za nani ataishika baada yake sikumwuliza, nikaona si adabu. Leo wale ndugu zangu wawili hawapeani mkono. Mwezi ujao nakwenda kijijini, na nimewapelekea wote wawili salamu kwamba nitakuja na daftari jipya na kalamu mbili. Kama watakubali kukaa, sijui. Lakini nitakaa mimi hapo mbele ya banda, na atakayenikuta atanikuta.

Kwa vikundi vya kusikiliza, baada ya kipindi hiki zungumzeni maswali haya:

1. Katika mazao yetu, ni kitu gani tunakitupa au kukiuza kibichi, ambacho kingeweza kupikwa, kukaushwa au kukamuliwa ili kikae?

2. Upande wa Lee Shiu Nan ulitaka kuuza kwa wengi kwa bei nafuu, upande mwingine kwa wachache kwa bei kubwa. Kwa zao letu sisi, ipi ni njia bora, na kwa nini?

3. Je, yafaa kijana akafanye kazi kwa watu wengine kabla ya kukabidhiwa shamba la baba yake?

4. Ni familia ngapi katika kikundi chetu zina daftari la mali? Zisizo nalo zitaanza lini?

Muda wetu umekwisha, ndugu wakulima. Tukutane tena wiki ijayo, tutakapozungumza juu ya kuchagua mbegu za soya. Mpaka hapo, nawatakia kazi njema. Kwaherini.